Kwa nini skafu niliyofuma imekakamaa, wakati ya bibi ni laini?

«Shikamoo, mwalimu. Ninakuandikia kutoka Ujiji. Bibi yangu mzaa mama alituachia skafu ya shingoni yenye miraba mikubwa ya nyekundu, buluu na rangi ya maziwa, pamoja na picha mbili alizopiga studio katika miaka ya 1950. Katika picha moja ameivaa skafu hiyo. Katika nyingine amejifunga kichwani kitambaa cha pembe nne chenye mawaridi. Fundi seremala alinitengenezea kitanda kidogo cha kufumia cha kuweka mezani, chenye kitana (ile fremu ya matundu na mianya inayopitisha nyuzi na kuzibana) cha nafasi 5 kwa kila sentimita. Nilitanda nyuzi 175 za pamba kwa upana wa sentimita 35, nikafuma hadi sentimita 185, nikibana kila uzi kwa nguvu ili kitambaa kiwe imara. Nilipokitoa na kukifua, upana ulibaki sentimita 28 na urefu 160, nyekundu ikachuja na kuingia kwenye rangi ya maziwa, na kitambaa kimekuwa kigumu kama mkeka. Wapo wanaoniambia pamba ya siku hizi ni mbovu, nitumie nyuzi za sweta. Mwingine ameniambia nikiloweke kwenye chumvi na siki, kisha kwenye chai ili kionekane cha kale. Skafu ya bibi imetobolewa na nondo sehemu mbili, na nilikuwa nafikiria kuifumua kidogo nione ilivyofumwa. Tena, katika picha mraba mkubwa unaonekana mweusi, lakini kwenye skafu ni mwekundu. Je, ilibadilika rangi? Nataka kufuma za kuuza, pamoja na zile za mawaridi. Nakutumia kipande cha kitambaa na uzi wa mita chache. Nimekosea wapi?»

Marahaba, binti yangu. Kipande na uzi vimefika Tabora salama, na vimenisaidia kuliko maelezo yoyote, kwa sababu kitambaa hakifichi namna kilivyofumwa. Unachouliza hasa ni hiki: kwa nini kitambaa kilichofumwa kwa uangalifu, kwa uzi ambao mkononi ni mzuri, kinakataa kulala shingoni. Nianze kwa kuiondolea pamba lawama. Uzi wako hauna ubaya wowote. Tatizo ni kwamba nyuzi ulizozipanga katika sentimita moja ni nyingi kuliko unene wake unavyoruhusu kwa kazi ya skafu, na nguvu uliyotumia kubana imeongeza msongamano juu ya msongamano. Tena unailinganisha kazi yako na kitu ambacho hakikufumwa kwa pamba hata kidogo, na hilo nitalieleza kwanza kwa kuwa linabadilisha mambo mengi yanayofuata.

Umesema skafu ya bibi imetobolewa na nondo. Wanaokula nguo ni mabuu wa nondo, yaani viwavi vidogo vinavyotoka kwenye mayai yao, na chakula chao ni protini iliyomo katika sufu, manyoya, nywele na wakati mwingine hariri. Pamba safi haiwafai. Kwa hiyo, kama matundu yale kweli ni ya nondo, karibu hakuna shaka kwamba skafu ya bibi ni ya sufu, au walau ina sufu ndani yake. Ukitaka kuhakikisha, usifumue kitu. Chukua uzi mmoja uliokwisha kukatika kwenye matamvua, ushike kwa koleo ndogo juu ya sahani ya udongo, mbali na mapazia na watoto, kisha uusogeze polepole kwenye mwali wa mshumaa. Sufu hujikunja ikikimbia moto, hunuka nywele zilizoungua, na mara nyingi huzimika yenyewe ukiuondoa mwali. Majivu yake ni meusi na husagika vidoleni. Pamba huwaka kwa mwali unaoendelea, hunuka karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Uzi wa kiwandani kama akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Usikiguse kidonge hicho kabla hakijapoa.

Ukishajua kwamba ni sufu, utaona kwa nini pamba haiwezi kuiiga kwa ukamilifu. Unyuzi wa sufu una mawimbi ya asili yanayoufanya uwe na unyumbufu na kushika hewa, kwa hiyo uzi wake unaonekana mnene huku ukiwa mwepesi. Juu ya kila unyuzi kuna magamba madogo sana ambayo, kitambaa kikifuliwa kwa maji ya vuguvugu na kusuguliwa kidogo, hukamatana na kuziba nafasi kati ya nyuzi. Ndiyo maana mfumi wa sufu anaweza kufuma kitambaa kilicholegea sana, chenye matundu yanayoonekana, na bado kikatoka kwenye maji kikiwa kimeshikamana na laini. Pamba haina magamba hayo. Inavimba majini na kujipanga upya, lakini haikamatani. Kwa hiyo iga vipimo vya skafu ya bibi, ukubwa wa miraba yake na mpangilio wa rangi zake. Usijaribu kuiga mguso wake, maana utahangaika bure. Na kwa joto la Ujiji, skafu ya pamba nyepesi itavaliwa mara nyingi zaidi kuliko ya sufu, ambayo wanunuzi wako wataitamani Juni na Julai tu, na hata hapo ni wa huku Tabora kuliko wa ufukweni.

Kuhusu mraba mweusi katika picha, huenda skafu haikubadilika rangi. Filamu za picha za nyeusi na nyeupe hazikuona rangi kama macho yetu yanavyoona. Aina mojawapo iliyotumika kwa miaka mingi haikuhisi mwanga mwekundu kabisa, hivyo nguo nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na buluu ikatoka hafifu kuliko ilivyokuwa. Tazama kama mistari ya buluu katika picha inaonekana myepesi kuliko kwenye skafu yenyewe. Ikiwa ndivyo, umepata jibu. Ili kuijua rangi ya awali, chungulia ndani ya pindo au mahali skafu ilipokuwa imekunjwa siku zote, ambapo jua halikufika. Iga rangi hiyo ya ndani. Na hapo ndipo ninapokataa ushauri wa chai. Skafu za wakati ule zilipotoka dukani zilikuwa na rangi zilizokolea, wala hazikuwa za hudhurungi. Chai itaacha madoa yasiyolingana, na mteja ataona kitambaa kichafu. Ukale uko kwenye vipimo na kwenye mpangilio wa miraba.

Sasa tuje kwenye kiini. Kila kitambaa kina mtande, yaani nyuzi za urefu zilizovutwa kitandani, na mshindio, yaani uzi unaopita kutoka upande huu kwenda upande ule. Katika mfumo wa kawaida, moja juu moja chini, mshindio hupanda juu ya uzi mmoja wa mtande na kushuka chini ya unaofuata. Kila mahali unapopanda na kushuka, unakatisha katikati ya nyuzi mbili, na katikati hapo lazima pawe na nafasi ya kuupitisha. Kwa hiyo, ikiwa nyuzi 10 zikilazwa bega kwa bega zinajaza sentimita moja, mtande hauwezi kuchukua zote 10. Takribani nusu yake, yaani 5, ndizo zinazoacha nafasi ya kutosha kwa mshindio wa unene uleule. Kiasi hicho cha nusu kinatoa kitambaa imara, kinachofaa kitambaa cha mezani au cha kufutia vyombo. Skafu haihitaji uimara huo. Inahitaji nyuzi ziweze kuteleza kidogo zinapokutana, kwa sababu kitambaa hulegea na kufuata shingo pale tu nyuzi zake zinapoweza kusogea. Kwa skafu, basi, tunapunguza sehemu moja katika kila tano, na mtande wa nyuzi 5 unakuwa wa 4.

Uzi ulionitumia niliuzungusha kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanwa, na nikahesabu 10 kwa sentimita. Kitana chako kina nafasi 5. Unaona kwamba ulianza na hesabu ya kitambaa cha jikoni kabla hata ya kurusha mshindio wa kwanza. Kisha kitambaa kikajivuta kutoka sentimita 35 hadi 28, na nyuzi zako 175 zikajikuta zimo ndani ya upana huo, ambayo ni nyuzi 6 na robo kwa kila sentimita. Kwenye kipande nimehesabu mishindio 7 kwa sentimita. Zidisha uone: katika eneo la sentimita moja ya mraba, nyuzi zako zinakutana mara 44 hivi. Skafu ya uzi huohuo, iliyotandwa 4 na kufuliwa, ingetulia kwenye nyuzi 4 na nusu kila upande, na makutano yangekuwa kama 20. Yako yamezidi maradufu, na kila kutano ni mahali ambapo uzi mmoja umeubana mwingine usisogee. Ugumu ulioushika mkononi ni huo.

Una njia tatu, na hakuna iliyo bora kwa kila kitu. Ya kwanza ni kumrudia seremala akutengenezee kitana kingine cha nafasi 4 kwa sentimita. Ni gharama, lakini kama uzi huu ndio unaoupata kwa urahisi Kigoma, gharama hiyo utailipa mara moja tu. Mwambie matundu na mianya vipigwe msasa hadi viwe laini kabisa, maana vibanzi vya mbao hukwangua mtande na kuukata katikati ya kazi. Ya pili ni kubaki na kitana chako na kutafuta uzi mwembamba zaidi, wa mizunguko 12 au 13 kwenye rula, ambao kwa nafasi 5 unaangukia palepale panapofaa. Kwa macho yangu hii ndiyo itakayokupa sura ya zamani kuliko nyingine zote, kwa sababu mitandio na skafu nyingi za viwandani za wakati ule zilifumwa kwa nyuzi nyembamba, na mraba uliofumwa kwa uzi mwembamba una ukingo mkali unaosomeka vizuri. Lakini utafuma muda mrefu zaidi kwa kila skafu, na lazima bei yako ikubali hivyo.

Njia ya tatu haikugharimu chochote: unaruka nafasi. Hapa uwe mwangalifu. Katika kitana cha aina yako, uzi mmoja hupita kwenye tundu na unaofuata kwenye mwanya. Ukiruka nafasi moja tu, nyuzi mbili za tundu zitakuwa jirani, zitapanda pamoja na kushuka pamoja, na utapata mstari mnene usioupenda kwenye urefu wote wa kitambaa. Ruka daima mbili kwa pamoja, tundu na mwanya wake. Ukipitisha nyuzi 8 na kuacha nafasi 2, unapata wastani wa 4 kwa sentimita. Vichochoro vidogo vitaonekana wakati wa kufuma. Vingi vitajiziba kwenye maji, na vichache vitakavyobaki vinapendeza kwenye skafu nyepesi. Kwa miraba ya bibi, hata hivyo, vitaivuruga mistari, kwa hiyo ningeitumia njia hii kwa kitambaa cha rangi moja au cha mistari myembamba tu.

Lolote utakalochagua, mkono wako ubadilike. Kuamini kwamba kitambaa hupata uimara kwa kupigwa ni kosa ninaloliona karibu kwa kila anayeanza. Uimara wa skafu unatokana na usawa wa mtande na mshindio, basi. Sogeza kitana hadi mshindio ufike mahali pake, uache. Mtande ukiwa umekazwa, unapaswa kuona tundu dogo la mwanga, la pembe nne zilizo sawa, kati ya kila nyuzi nne zinazokutana. Utafikiri kitambaa hakijakamilika, na utashawishika kukibana. Jizuie. Hesabu mishindio kwa rula kila baada ya sentimita 10: ikiwa mtande ni 4, mshindio nao uwe 4, usizidi 4 na nusu. Kujivuta kwa upana nako kunatokana na mkono. Mshindio ukiuvuta ulale moja kwa moja, hauna urefu wa ziada wa kupanda na kushuka, na utaupata urefu huo kwa kuvuta kingo ndani. Upitishe ukiwa umeinama, upande mmoja chini na mwingine juu, kisha ndipo uusogeze. Ukingo uuguse kwa kidole, usiuvute. Kupoteza sentimita 2 kati ya 29 kitandani, au 4 baada ya kufua, ni jambo la kawaida. Kupoteza 7 kati ya 35, kama ulivyopoteza wewe baada ya kufua, kunaonyesha kwamba kila mshindio ulivutwa.

Hesabu za kutanda zifanywe kwa kurudi nyuma, kuanzia skafu unayoitaka. Tuseme unataka iliyokwisha kufuliwa iwe na urefu wa sentimita 180 na upana wa 25. Pamba ya namna hii ikifuliwa mara ya kwanza huweza kupungua asilimia 8 hivi, kwa hiyo inapotoka kitandani iwe na urefu wa 196 na upana wa 27. Mtande wenyewe hupoteza karibu asilimia 10 kwa kupanda na kushuka na kwa kulegea, ambayo inatufikisha kwenye sentimita 218. Ongeza 60 za kufungia mwanzo na mwisho, ambazo sehemu yake itakuwa matamvua, na unatanda mita 2.8. Upana wa kuanzia uwe sentimita 29, yaani nyuzi 116 kwa kitana cha 4. Mtande utakula mita 325 za uzi na mshindio karibu 260. Nunua mita 650 za kundi moja la rangi, kwa sababu nyekundu ya leo na nyekundu ya mwezi ujao, hata zikiwa na namba moja, huenda zisifanane. Kwa miraba, pima upungufu wako mwenyewe katika pande zote mbili. Ikiwa urefu unapungua kuliko upana, fuma kila mraba ukiwa mrefu kidogo kuliko upana wake, na baada ya kufuliwa utakuwa sawa.

Kufua ndiko kunakomaliza kufuma, na ndiyo maana sihukumu kitambaa ambacho hakijagusa maji. Nyuzi zilizokuwa zimekazwa kitandani hupumzika majini, pamba huvimba, na kila uzi hujitafutia mahali pake kati ya jirani zake. Funga matamvua kwanza yasifumuke. Loweka skafu saa moja katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uikandekande bila kuisugua, suuza hadi maji yawe meupe, kisha uikunje ndani ya taulo na kulikandamiza badala ya kukamua kwa kusokota. Ianike kivulini. Ikiwa bado na unyevunyevu, ipige pasi ya moto, pamba huimudu. Ikikauka kabisa, ikunjekunje mkononi, uivute huku na huku kimshazari. Utaihisi ikilegea. Kipande chako nimekifanyia hivyo na kimelainika kidogo tu, kwa sababu nyuzi hazina pa kwenda.

Rangi iliyochuja ni jambo tofauti. Chumvi na siki hazifungi rangi kwenye pamba iliyokwisha kutiwa rangi. Chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi, kwa kuisaidia rangi kuingia kwenye unyuzi, na siki inafanya kazi na rangi za asidi, ambazo ni za sufu na hariri. Uzi wako mwekundu ama umetiwa rangi ya aina isiyoshika vizuri, ama haukusuuzwa kiwandani ukaondolewa rangi ya ziada. Jaribio lake ni jepesi: lowesha uzi mmoja, uufunge kwenye kitambaa cheupe, upige pasi ya moto. Kitambaa kikipata doa, zungusha uzi wote uwe vishada vipana vilivyolegea na kuufua kwa maji ya moto, ukibadilisha maji hadi yasalie bila rangi, kabla ya kutanda. Baada ya mafuo kadhaa maji yakiendelea kuwa mekundu, uzi huo usiuweke kamwe jirani na rangi ya maziwa. Utumie peke yake au na rangi nyeusi. Hicho cha kwanza ulichokwisha kufuma hakiokoleki kuwa skafu, lakini kitakuwa kitambaa kizuri sana cha mezani, na unaweza kukiuza kwa jina hilo.

Nyuzi za sweta, ambazo nyingi madukani ni akriliki, nisizidharau. Ni nafuu, rangi yake inashika, hazipungui zikifuliwa, na ni laini tangu mwanzo. Akriliki ilianza kuzalishwa kibiashara mwaka 1950, kwa hiyo hata anayejali historia hawezi kusema ni ngeni kwa wakati wa picha za bibi yako. Lakini zinavutika, na mtande unaovutika ni mgumu kuusawazisha kwa anayejifunza. Zinafanya vifundo vidogo juu ya kitambaa zikivaliwa sana. Pasi ya moto inaziharibu moja kwa moja. Na shingoni, adhuhuri ya Kigoma, zitamtoa mvaaji jasho. Kwa kujifunzia mpangilio wa miraba, tumia. Kwa kuuza kama skafu ya kuvaa pwani ya ziwa, ningekaa na pamba.

Kuhusu mawaridi, nikueleze wazi kwamba hutayafuma kwenye kitanda hiki. Vitambaa vya kichwani vya pembe nne vyenye maua, vilivyovaliwa sana duniani katikati ya karne ya 20, vilifumwa vyeupe kwanza, kisha maua yakachapwa juu. Kile maarufu kuliko vyote, cha hariri cha Hermès ya Ufaransa, kilichoanza mwaka 1937 kwa kipimo cha sentimita 90 kwa 90, nacho ni cha kuchapwa. Mistari, miraba, vichochoro vya mwanga na matamvua ndiyo lugha ya kitanda chako, na ina mengi ya kusema. Ukitaka sura ya miaka ya 1920, fuma nyembamba na ndefu, sentimita 18 au 20 kwa zaidi ya mita 2, rangi moja yenye vichochoro na matamvua marefu. Urefu huo una adabu yake: mchezaji ngoma Isadora Duncan alifariki mjini Nice mwaka 1927 baada ya skafu yake ndefu kunaswa kwenye gurudumu la gari alilopanda, na abiria wa bodaboda wa kwetu wasiambiwe mara mbili. Ukitaka ya bibi yako, ya miaka ya 1950, fupisha na kupanua kidogo, matamvua yawe mafupi, miraba iwe michache na mikubwa. Na kwenye kibandiko andika kwamba ni skafu mpya iliyofumwa kwa mkono kwa mtindo wa zamani. Mteja anayejua kitambaa atakuheshimu zaidi kuliko ukimwambia ni cha kale.

Mtu akikuambia kwamba kufuma kwa kitanda si kazi ya huku, mjibu kwamba katika karne ya 19 pamba ilisokotwa na kufumwa hapa Unyamwezi, na kule Ufipa pia, kabla ya merikani, kitambaa cha pamba cha kutoka Marekani kilicholetwa na misafara, kuwaondoa wafumi wetu sokoni. Pamba yenyewe bado inalimwa Igunga na Nzega.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyatibu kwa barua. Ikiwa upande mmoja wa mtande hulegea kila mara hata ukiutanda upya, pengine fremu ya kitanda imepinda: pima mishazari yake miwili kutoka kona hadi kona, na kama haiko sawa, mpelekee fundi seremala aliyeitengeneza au uliza katika chuo cha ufundi stadi cha VETA hapo Kigoma. Kuhusu bei, vifungashio na kutafuta soko, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ndiyo mahali pa kuanzia, tena nenda na kitambaa mkononi. Skafu ya bibi usiifue wala usiishone kwa sindano. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, iweke kwenye jokofu la kugandisha kwa wiki mbili ili kuua mabuu na mayai, iache mfuko ukiwa umefungwa hadi irudi kwenye joto la chumba, kisha itunze kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa. Ukitaka izibwe matundu, tafuta ushauri wa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa kabla ya fundi yeyote kuigusa. Kuitazama ilivyofumwa kunahitaji kioo cha kukuzia na rula tu: hesabu nyuzi za mtande na mshindio katika sentimita 2, na chora mpangilio wa rangi kwenye karatasi ya miraba. Na ikiwa vidole vinakufa ganzi usiku au kifundo cha mkono kinauma hata siku usizofuma, pumzika na umwone daktari; kule kubana kwako kwa nguvu kunaweza kuwa kumeumiza zaidi ya kitambaa.

Kabla ya kutanda mita 2.8, tanda sampuli ya upana wa sentimita 15 na urefu wa kufuma wa 40, nusu yake uifume kwa mishindio 4 na nusu yake kwa mishindio 5 kwa sentimita. Ipime ikiwa imekazwa kitandani, ipime tena ikitoka, na mara ya tatu ikiwa imefuliwa na kukauka. Nitumie sampuli hiyo pamoja na vipimo vyote vitatu, nami nitakuambia kama tupunguze zaidi au tuishie hapo.